Kilo Nne za Zabibu

Sesilia, kitabu chako nimekimaliza.
Kimenigharimu kilo nne za zabibu,
nimezipima kwa macho, huenda ni tano:
shore walishuka pale ukurasa wa tisini
Bwana-Mvua alipomshika binti kiuno,
na mimi, mlinzi wa shamba la watu hapa Hombolo,
kamba ya makopo nimeishika mkononi,
sikuivuta.

Nianze na ugomvi.
Huyo mwandishi mvua hajawahi kuisubiri.
Kwake inanyesha watu wakibusiana.
Busu la kwanza, manyunyu;
la pili, mito imevunja kingo,
na hakuna hata mmoja aliyekimbia kuanua uwele.
Majina nayo yamekatwa katikati kwa vikoma vya juu
kama yamemkwama mtu kooni.
Kikoma hicho sisi tumempa ng'ombe, kinamtosha.
Halafu Bwana-Mvua mwenyewe: macho ya fedha,
kifua kama mlango wa benki,
miaka elfu tatu hajapata wa kumpenda
mpaka apite mtoto wa miaka kumi na tisa
anauza chumvi.
Elfu tatu, Sesilia! Alikuwa anafanya nini?

Bibi yangu Nyemo alinisimulia mwaka wa njaa,
wanawake walivyojifunga nguo za waume zao,
wakashika fimbo, wakatoka kuchunga
huku wanaume wamejifungia ndani kwa aibu,
ili balaa likatupwe mpakani, lisijue njia ya kurudi.
Nikamuuliza: mvua ikanyesha?
Akasema: tulirudi na vumbi hadi kwenye kope.
Ilinyesha baadaye. Kidogo.
Upande wa kwa akina Chidawali tu.

Hiyo ndiyo ninayoijua mimi.
Hakuna aliyebusiwa.

Lakini kuna ile sura ya kisimani.
Bwana-Mvua amevuliwa nguvu, homa imemlaza kama mtu,
na binti, hana dawa, hana hata maji ya kumpoza,
anamhesabia fito za paa ili alale.
Yeye hajui kuhesabu. Hajawahi kuhitaji.
Kitu kisichokwisha, ukihesabu cha nini?
Anafika ya saba, anauliza:
"Baada ya saba huwa kunakuwa na nini?"

Hapo nilifunga kitabu.
Nikatazama mizabibu, mstari mmoja mmoja,
nikahesabu hadi arobaini na mbili,
macho yakajaa, mistari ikaingiliana.
Nilitafuta pa kukasirikia, nikapakosa.
Nikamfungua tena. Nimesema nikamfungua,
kama vile ni mtu; utanisamehe.
Usiku nikaendelea kwa tochi ya simu,
maharage yakashika chini ya sufuria,
nikayala hivyo hivyo, yananuka moshi,
jicho moja kwenye sahani.

Mwisho wake ndio sikuupenda.
Bwana-Mvua anaondoka miaka saba,
hakuna salamu, hakuna hata wingu moja la kumtuma,
kisha anagonga, na binti anafungua mlango
hana swali.
Hana swali!
Kurasa mia tatu na sitini anaulizia kila kitu,
ngazi za mbinguni, ndoto za mamba,
siku ya kuuliza amekuwa bubu,
anatabasamu, na mvua, bila shaka, inanyesha.

Masima yuko Mererani mwaka wa nne.
Hela inaingia kwenye simu mwisho wa mwezi:
jina lake lote matatu, kiasi, salio,
asante kwa kutumia huduma yetu.
Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi
kuliko kitabu chako.
Mimi ningemuuliza.
Ningesimama mlangoni na mwiko mkononi
nikamuuliza, moja, mbili, tatu,
hadi ya saba, na baada ya saba.

Kitabu nitakileta Jumapili, tukitoka ibadani.
Kikiwa na sehemu ya pili usinipe
mpaka tuvune.
Usiku ule nilipokimaliza sikutia komeo.
Septemba unaijua, joto halilali.

Mwenye shamba nimemwambia ni shore.
Si uongo. Walikuwepo.